Rejimenti ya 54 ya Massachusetts: miezi 18 vitani bila kugusa mshahara

Mwenda Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, naomba tukae hapa kidogo. Uzi ni mrefu na nitaushusha vipande vipande, kwa sababu naandika nikitoka zamu.

Mwaka 1863, askari mzungu wa cheo cha chini kabisa katika jeshi la Muungano kule Marekani, yaani jeshi la Kaskazini lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyoasi, alilipwa dola 13 kwa mwezi, na fedha ya nguo juu yake. Askari mweusi aliandikiwa dola 10, halafu zinakatwa 3 za nguo, anabaki na 7. Hata akiwa sajini meja ni 7 hizo hizo. Kuna rejimenti moja ya watu weusi iliambiwa ije kuchukua fedha hiyo, ikakataa. Mlipaji akaja tena, wakakataa. Akaja tena, wakakataa. Mwaka mmoja na nusu wanakataa, na muda wote huo wanapigana, wanachimba mahandaki, wanazika wenzao, huku wake zao wanaandika barua kwamba nyumbani hakuna kitu.

Wengi wanaoijua rejimenti hii wanaijua kwa usiku mmoja tu, usiku wa Ngome ya Wagner, kwa sababu ya ile filamu ya 1989, Glory. Usiku huo nitaueleza. Ila nimeifuatilia habari yao miaka mingi, naishi karibu na Boston walikotokea, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba vita vyao vigumu zaidi vilikuwa hivyo vya mshahara.

Tuanze mwanzo. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote katika majimbo yaliyoasi wako huru, na tangazo hilo hilo likaruhusu watu weusi wapokewe jeshini. Gavana wa Massachusetts, John Andrew, alikuwa akiungoja mlango huo ufunguke. Januari haijaisha, tarehe 26, Waziri wa Vita Edwin Stanton akampa kibali. Tatizo likawa watu: weusi wa Massachusetts walikuwa wachache mno kujaza rejimenti yenye watu kama 1,000. Wasajili wakatumwa New York, Pennsylvania, Ohio, hadi Kanada. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani akawa sauti kubwa kuliko zote dhidi ya utumwa, alihutubia mji kwa mji akiwaita vijana, na alianza kwa kuwatoa wanawe wawili, Charles na Lewis. Lewis ndiye aliyekuwa sajini meja. Walioitika wakawa wengi kuliko nafasi, ikaundwa rejimenti ya pili, ya 55.

Hapa filamu iliteleza. Inaonyesha kikosi cha watumwa waliotoroka jana na juzi. Waliopitia utumwa walikuwamo, lakini sehemu kubwa walikuwa waungwana, wamezaliwa huru Kaskazini: wakulima, vibarua, mabaharia, vinyozi, watu wengi wao wanaoweza kusoma na kuandika. Neno hilo, waungwana, lishikeni. Tutalihitaji mbele.

Maafisa walikuwa wazungu, kwa sharti la Wizara ya Vita. Kanali wao alikuwa Robert Gould Shaw, miaka 25, wa familia tajiri ya Boston iliyopinga utumwa. Alikwisha kupigana na kujeruhiwa katika pigano la Antietam mwaka uliotangulia. Alipoombwa mara ya kwanza alikataa, kisha akabadili mawazo.

Tarehe 28 Mei 1863 walipita mitaa ya Boston kwa gwaride, watu wamejaa barabarani, wakapanda meli ya mvuke De Molay kwenda South Carolina. Na walipanda wakijua hili: tarehe 1 mwezi huo huo, Bunge la Kusini lilipitisha kwamba afisa mzungu atakayekamatwa akiongoza weusi anaweza kuuawa, na askari weusi wakabidhiwe kwa majimbo. Kwa sheria za majimbo yale, mtu mweusi mwenye silaha ni kitanzi au mnada.

Nitaendelea usiku.

BintiTanga

Mkuu, naweka mkeka hapa. Lakini nina swali ambalo huenda ni la kitoto. Nimeona hizi rejimenti zinaitwa za kujitolea. Sasa mtu akishajitolea, mshahara anadai wa nini? Huku kwetu ukijitolea shule au zahanati, unajua fika kwamba mwisho wa mwezi hakuna kitu.

Mwenda Pwani

Dada, swali lako ndilo lenyewe hasa, na neno letu ndilo linalotuchanganya.

Marekani ilikuwa na jeshi dogo la kudumu. Vita vilipoanza 1861 halikutosha, kwa hiyo serikali ikayaomba majimbo yaandikishe wananchi. Kila jimbo likaunda rejimenti zake na kuzipa namba: ya 1, ya 2, ya 20 ya Massachusetts, na kadhalika. Askari wa rejimenti hizo ndio walioitwa wa kujitolea, maana yake aliingia kwa hiari yake kwa muda maalumu, kwa mfano miaka mitatu, na vita vikiisha anarudi shambani kwake. Mshahara alikuwa nao kwa mujibu wa sheria, sawa na askari wa jeshi la kudumu.

Walioandikishwa Readville, kambi ya rejimenti ya 54 karibu na Boston, waliahidiwa hivyo: mtakuwa sawa na askari wengine wa Massachusetts, kwa mshahara, nguo na kila kitu. Gavana Andrew aliahidi kwa nia njema, kwa sababu Waziri Stanton mwenyewe alimpa kibali cha kuandikisha askari wa kujitolea. Baadaye Wizara ikasema hapana, weusi wanalipwa kwa sheria nyingine, ya Julai 1862. Sheria hiyo ilitungwa ikiwawaza watumwa waliokimbilia kwenye kambi za jeshi wakapewa kazi za koleo na mizigo. Dola 10, kutoa 3.

Kwa hiyo askari akichukua zile 7 anakuwa ametia saini kwamba yeye ni kibarua wa koleo aliyevikwa sare. Hapo ndipo walipogoma.

Kamanda Mstaafu

Kijana, hongera kwa kazi nzuri. Nimetumikia jeshi miaka 24, na habari za askari wa miguu nazipenda. Tupeleke Wagner, tafadhali. Mimi siku zote najiuliza nani alitoa amri ya kushambulia boma kutoka mbele, kwenye ukanda wa mchanga, bila mahali pa kujificha.

Mwenda Pwani

Shikamoo Mzee. Nitakwenda huko, lakini kwanza mambo mawili yaliyotangulia.

La kwanza ni la aibu, na sitalificha. Tarehe 11 Juni 1863, siku chache baada ya kufika, walipelekwa mji wa Darien, Georgia, chini ya Kanali James Montgomery. Mji haukuwa na ulinzi. Montgomery akaamuru uporwe na uchomwe. Shaw aliudhika sana, akaandika barua kulalamika, lakini kombania yake mojawapo ilishiriki kuchoma kwa amri. Askari waliokuja kuthibitisha utu wao mbele ya taifa zima, kazi ya kwanza waliyopewa ni kuchoma nyumba za watu.

La pili ni Kisiwa cha James, karibu na mji wa Charleston, South Carolina, tarehe 16 Julai. Alfajiri Wakusini walishambulia, na rejimenti ya 10 ya Connecticut, ya wazungu, ikawa karibu kuzingirwa upande wa mto. Walinzi wa rejimenti ya 54 wakashikilia mstari wao, wanarudi nyuma hatua kwa hatua huku wanapiga, mpaka wale wa Connecticut wakapata njia ya kutoka. Walipoteza watu zaidi ya 40 kati ya waliouawa, kujeruhiwa na kutekwa. Ilikuwa mara yao ya kwanza kupigana.

Usiku huo huo wakaamriwa waondoke. Wakatembea usiku kucha kwenye mvua na matope ya mabwawa, juu ya vidaraja vya mbao vyembamba. Siku iliyofuata wakangoja meli kwenye mchanga, chakula kidogo, maji kidogo. Jioni ya tarehe 18 wakafika Kisiwa cha Morris, wamekaa siku mbili bila usingizi wa maana. Huko Jenerali George Strong akamuuliza Shaw kama angependa rejimenti yake itangulie shambulio. Shaw akakubali.

Sasa Wagner. Mzee, picha ni hii. Kisiwa ni mchanga mtupu, kulia bahari ya Atlantiki, kushoto bwawa la matope. Kadiri unavyoikaribia ngome ndivyo ukanda unavyobanwa, mpaka watu wa pembeni wanakanyaga maji. Ngome imejengwa kwa mchanga, udongo na magogo ya miti ya huko ya jamii ya mnazi, mbele yake handaki. Kutwa nzima mizinga ya nchi kavu na ya manowari za chuma iliipiga. Majenerali wakaamini hakuna kilichobaki hai ndani. Ndani kulikuwa na watu takribani 1,700, wengi wao wamejificha kwenye mahandaki yaliyoezekwa magogo na mchanga mzito.

Saa mbili kasorobo jioni, kiza kinaingia, watu wapatao 600 wa rejimenti ya 54 wakapangwa mbele ya brigedi nzima. Strong akawaonyesha mbeba bendera, akauliza akianguka huyu nani ataiinua. Shaw akasema yeye. Akawaambia watu wake kwamba macho ya maelfu yatatazama watakachofanya usiku ule. Wakaenda, kwanza mwendo wa kawaida, halafu mbio, singe mbele.

Walipofika umbali mfupi, Wakusini wakatoka mafichoni na kufyatua kila kitu kwa pamoja.

Walivuka handaki, wakapanda ukuta wa mchanga. Shaw alifika juu, akapigwa risasi, akaangukia ndani. Mapigano yakawa ya singe na vitako vya bunduki. Mbeba bendera akaanguka. Sajini William Carney wa kombania C, mtu wa New Bedford aliyezaliwa Norfolk, Virginia, akaishika bendera, akaipandisha hadi ukutani, akakaa nayo hapo chini ya risasi, na rejimenti iliporudishwa nyuma akarudi nayo, anatambaa, ana majeraha zaidi ya moja. Alipofika kwa wenzake aliwaambia kwamba bendera haikugusa ardhi hata mara moja. Alipewa Nishani ya Heshima, ya juu kuliko zote Marekani, mwaka 1900. Miaka 37 baadaye.

Waliopotea wa rejimenti ya 54 usiku ule, waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kutoonekana tena, ni 272. Afisa wa juu aliyebaki amesimama alikuwa Kapteni Luis Emilio, kijana wa miaka 18.

Kamanda Mstaafu

Nakushukuru. Niongeze la kitaalamu kwa wasiojua: mchanga unameza mizinga. Ukuta wa mawe ukipigwa unavunjika vipande na vipande vyenyewe vinaua. Mchanga kombora linaingia, linalipuka ndani, mchanga unamwagika tena mahali pake. Usiku mnachukua makoleo mnarekebisha. Kupiga boma la mchanga kutwa nzima halafu ukaamini limekwisha ni kosa la ofisa ambaye hajawahi kuchimba. Pia kushambulia jioni kunafaa kwa kujificha, lakini vikosi vya nyuma vinapotea.

Mwenda Pwani

Ndivyo ilivyokuwa Mzee. Rejimenti za wazungu zilizofuata, ya 6 ya Connecticut na ya 48 ya New York, zilifanikiwa kuingia pembe ya upande wa bahari, kwa sababu kikosi kimoja cha Kusini hakikutoka mafichoni kushika nafasi yake. Wakakaa ndani muda mrefu wakingoja msaada ambao haukuja kwa wakati. Strong alijeruhiwa akafa baadaye. Jumla ya hasara ya Muungano usiku ule ilikuwa 1,515. Ya Kusini haikufika 250. Baada ya hapo waliamua kuizingira ngome kwa mahandaki, na Wakusini wakaihama wenyewe usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba. Waliochimba mahandaki hayo kwenye jua na homa, kwa sehemu kubwa, ni askari weusi, pamoja na mabaki ya rejimenti ya 54.

Wakusini walimzika Shaw kwenye shimo moja na askari wake, wakikusudia kumdhalilisha. Baadaye baba yake alipoulizwa kuhusu kuuhamisha mwili, alikataa. Alisema hakuna mahali patakatifu zaidi pa kumlaza mwanawe kuliko pale, katikati ya watu wake.

Na kuna mtu mmoja wa Wagner nataka mumjue. Sajini Robert Simmons, mzaliwa wa Bermuda. Alitekwa usiku ule, mkono ukakatwa, akafa mikononi mwa Wakusini. Wiki hiyo hiyo, tarehe 13 hadi 16 Julai, mjini New York wazungu walikuwa wakifanya fujo kupinga kuandikishwa jeshini kwa lazima, wakawageukia watu weusi, wakawanyonga mitaani, wakachoma kituo cha watoto yatima weusi. Mmoja wa waliouawa na kundi hilo alikuwa mpwa wa Simmons, mtoto mdogo. Mjomba yuko South Carolina anapigania bendera, mpwa anauawa New York chini ya bendera ile ile.

Hoja Nzito

Nimesoma yote. Sasa mimi niulize lile ambalo wengine wanaliogopa. Watu hawa wana akili gani kwenda kufa kwa ajili ya nchi inayowalipa nusu na kuua watoto wao? Mimi ningerudi nyumbani.

Mwenda Pwani

Ndugu, hawakuwa na nyumbani kwingine. Na fikiria walichokuwa wakikipata kwa bunduki ile. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1857 ilikuwa imeamua kwamba mtu mweusi, hata aliye huru, si raia. Kina Douglass walihesabu hivi: mtu akishavaa sare, akashika bunduki, akamwaga damu, nani atasimama kumwambia si raia? Kwa mamilioni ya ndugu zao waliokuwa bado mashambani kule Kusini, njia ya uhuru ilipita kwenye ushindi wa vita vile na si penginepo. Lewis Douglass, siku mbili baada ya Wagner, alimwandikia mchumba wake kwamba laiti wangekuwa na askari weusi 100,000 wangevimaliza vita vile. Na kweli, mpaka mwisho weusi walioingia jeshi la nchi kavu walikuwa takribani 179,000.

Ndiyo maana dola zile 7 hazikuwa jambo dogo. Ukikubali nusu mshahara umekubali nusu uraia, na umeikubali kwa saini yako.

Tuje kwenye mgomo wenyewe. Ulianza kabla ya Wagner. Mwishoni mwa Juni 1863 waliposikia habari ya dola 10, Shaw alimwandikia gavana kwamba watu wake ama walipwe walichoahidiwa ama waachiwe waende. Waliokufa Wagner walikufa hawajapokea mshahara wa mwezi hata mmoja.

Septemba, akiwa Kisiwa cha Morris, Koplo James Henry Gooding alichukua kalamu. Alikuwa baharia wa meli za kuvua nyangumi za New Bedford. Tarehe 28 alimwandikia Lincoln moja kwa moja, koplo kwa rais. Akamuuliza: sisi ni askari au ni vibarua? Akaeleza kwamba wamefanya kazi yote ya askari, basi kwa nini wasipate mshahara wa askari. Akafafanua pia kwamba wao ni watu waliozaliwa huru, hawakuandikishwa kwa sheria ya watumwa waliotoroka. Lile neno waungwana nililowaambia mlishike. Barua ina adabu tupu, na haina ombi hata moja la huruma.

Massachusetts ikaona aibu. Bunge la jimbo likapitisha fedha ya kufidia pengo, gavana akatuma wajumbe Desemba wawape askari. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Walikataa hata hiyo. Walishukuru kwa heshima, wakasema wao ni askari wa Marekani, deni hili ni la Marekani, na wakipokea kutoka mfuko wa jimbo watakuwa wameiachia serikali iendelee kuwahesabu nusu watu. Watu wana njaa, fedha imewekwa mezani, halali kabisa, nao wanairudisha.

BintiTanga

Hapo kwa wake zao ndipo panaponiuma. Mwanamume yuko huko na msimamo wake, mama yuko na watoto wanne na kodi ya nyumba.

Mwenda Pwani

Kweli kabisa, na askari wenyewe waliandika hivyo. Kuna familia zilihamia nyumba za maskini za mji, kuna watoto waliugua. Mgomo huu ulilipwa na wanawake kwa kiasi kikubwa, na jina lao halipo popote. Kambini pia hasira ilipanda. Kufikia 1864 kulikuwa na kombania ambazo maafisa walihofia zingekataa kazi.

Kamanda Mstaafu

Naomba kuuliza kama askari. Kukataa amri ya kupanga mstari wa malipo, je, si uasi? Jeshini kwetu hilo lingekupeleka pabaya.

Mwenda Pwani

Mzee, waliupita mpaka mwembamba sana. Kukataa fedha si kukataa kazi, na kazi hawakuiacha. Aliyeuvuka mpaka huo tunamjua: Sajini William Walker wa rejimenti ya 3 ya South Carolina, ya watu waliotoka utumwani. Novemba 1863 aliiongoza kombania yake kuweka chini bunduki mbele ya hema la kamanda, wakisema hawatatumika kwa dola 7. Alishtakiwa kwa uasi, akapigwa risasi tarehe 29 Februari 1864, Jacksonville. Gavana Andrew alisema serikali iliyoshindwa kupata sheria ya kumlipa kama askari, ilipata sheria ya kumpiga risasi kama askari.

Siku tisa kabla ya Walker kuuawa, tarehe 20 Februari, rejimenti ya 54 ilikuwa Olustee, Florida. Jeshi la Muungano la watu kama 5,500 lilishindwa vibaya, likapoteza watu 1,861. Rejimenti ya 54 ilikuwa akiba nyuma. Wakaitwa mbele mbio, wakatupa mizigo njiani, wakaingia msituni wakipaza sauti wakiitaja Massachusetts na dola zao 7 kwa mwezi. Mtu anakimbilia risasi akiwa anataja deni lake! Wakashikilia pamoja na rejimenti nyingine ya weusi, ya 35, mpaka jeshi lote likapata nafasi ya kurudi nyuma. Majeruhi weusi walioachwa uwanjani, wengi waliuawa pale walipolala.

Kesho yake wako njiani kurudi Jacksonville, wamechoka hoi, wakaamriwa wageuke. Treni iliyobeba majeruhi imekufa injini na adui anakuja. Wakaifunga kamba, wakaivuta kwa mikono yao maili kadhaa. Mimi, kati ya yote waliyoyafanya, hili ndilo ninaloliwaza zaidi ninapokuwa kazini nasukuma vitanda vya wagonjwa usiku.

Mwana wa Kaimosi

Wadau, nimetoka Kenya, nimelelewa katika Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa Quakers. Nimewahi kusikia kwamba kanali aliyechukua nafasi ya Shaw alikuwa wa kwetu. Inawezekanaje? Sisi tunafundishwa hakuna vita.

Mwenda Pwani

Karibu sana ndugu. Ni kweli. Edward Hallowell na mdogo wake Norwood walitoka familia ya Marafiki ya Philadelphia. Walijua fundisho hilo, na kwao utumwa ulikuwa mkubwa kiasi cha kushika silaha. Edward alijeruhiwa Wagner, akapona, akarudi kuiongoza rejimenti mpaka mwisho. Norwood akaenda kuongoza ile ya 55.

Na imani ya Edward ndiyo iliyokuja kufungua fundo. Juni 1864 Bunge la Marekani hatimaye lilipitisha mshahara sawa. Lakini waliweka kipengele: arejeshewe stahili zake tangu siku ya kuandikishwa yule tu aliyekuwa huru kufikia tarehe 19 Aprili 1861. Askari aape. Sasa fikirini. Wamekaa na njaa pamoja miezi yote ile, leo sheria inawagawa, muungwana huku, aliyekuwa mtumwa kule. Na aliyetoroka utumwani mwaka 1862 ataapaje?

Hallowell akatunga kiapo chake. Askari aliapa kwamba kufikia tarehe hiyo hakuwa na deni kwa mtu yeyote la kumfanyia kazi bila ujira. Kwa Hallowell, hakuna binadamu anayedaiwa na mwingine jasho la bure, sheria ya Georgia iseme itakavyo. Basi aliyekuwa mtumwa aliinua mkono akaapa, na hakusema uongo. Wakaapa wote. Mwisho wa Septemba 1864 mlipaji akafika, akawalipa stahili zao zote, takribani dola 170,000 kwa rejimenti nzima. Kambini waliimba na kuhutubiana hadi usiku, na fedha nyingi ikaondoka kwenda kwa wake na wazazi.

Mwana wa Kaimosi

Hicho kiapo nitakipeleka kanisani Jumapili.

Hoja Nzito

Nafuta niliyoyasema juu. Swali moja la mwisho: alikuwepo hata mmoja aliyezaliwa huku Afrika?

Mwenda Pwani

Alikuwepo, katika rejimenti pacha, ya 55. Mohammed Ali ben Said, mzaliwa wa Bornu karibu na Ziwa Chad, mtoto wa kiongozi wa vita. Alitekwa akiwa kijana, akavushwa Sahara hadi Tripoli, akauzwa Uturuki, akafika Urusi kama mtumishi wa wakuu, akabatizwa huko kwa jina la Nicholas. Akazunguka Ulaya, akajifunza lugha kadhaa, akaja Amerika akawa mwalimu Detroit, na 1863 akaingia rejimenti ya 55, akapata cheo cha sajini.

Nimalizie safari yao. Walipigana Honey Hill, South Carolina, tarehe 30 Novemba 1864. Februari 1865 waliingia Charleston, mji ule ule waliotazama minara yake kutoka mchanga wa Wagner. Mwezi Januari mwaka huo, Sajini Stephen Swails, aliyejeruhiwa Olustee, alikubaliwa kuwa luteni baada ya Wizara kumkatalia kwa miezi mingi kwa sababu ya rangi. Baadaye alikuwa seneta wa jimbo la South Carolina. Pigano lao la mwisho lilikuwa Boykin's Mill, tarehe 18 Aprili 1865. Jenerali Lee wa Kusini alikwisha kusalimu amri tarehe 9, Lincoln alikwisha kufa, wao hawajapata habari, na Luteni Edward Stevens akauawa hapo. Waliachiwa rasmi Agosti, na tarehe 2 Septemba wakavunja safu Boston.

Sanamu yao iko mbele ya jengo la serikali ya jimbo, ilizinduliwa 31 Mei 1897, na maveterani wakapita mbele yake, Carney akiwa na bendera. Jina la Shaw na majina ya maafisa yaliandikwa tangu mwanzo. Majina ya askari weusi waliokufa Wagner yaliongezwa miaka ya 1980.

Kamanda Mstaafu

Babu yangu alipigana Burma na askari wengine wa Afrika Mashariki. Aliporudi, kiinua mgongo chake kilipimwa kwa rangi. Alikipokea, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba inawezekana kukataa. Nimewasomea wanangu uzi huu wote jana.

BintiTanga

Mkuu, yule koplo aliyemwandikia Lincoln barua. Alilipwa zake?

Mwenda Pwani

Hapana, dada. Gooding alijeruhiwa na kutekwa Olustee, akapelekwa kambi ya mateka ya Andersonville, Georgia. Sheria ya mshahara sawa ilipita tarehe 15 Juni 1864. Alifia Andersonville tarehe 19 Julai. Mlipaji alifika kambini kwao Septemba.